Geji ya kupimia ridi za klarineti, ninunue ama?

mpulizi_kisauni
Salamu wakuu. Napiga klarineti kwa kundi letu la harusi na shida yangu ni ridi tu, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema ukipuliza. Boksi lina kumi, nikibahatika mbili tatu ndo za kupelekea watu mbele, zilobaki ama ngumu ama zinapiga kelele zikifika juu. Sasa nimeona watu wanatumia dayo geji, ile ya mshale unaozunguka, unapima unene kushoto na kulia halafu unakwangua penye nene mpaka palingane. Maswali mawili: hapa nyumbani kuna vania ya gereji, ile rula ya chuma yenye midomo ya kubania, inasoma mpaka 0.05 mm, si nitumie hiyo tu? Na pia nina ridi moja tamu sana, nataka niipime kila mahali halafu zengine zote nizifanye ziwe sawa na hiyo, inawezekana?

fundi_wa_leithi
Vania weka kando. Ncha ya ridi ni kama 0.1 mm hivi, chombo kikikosea 0.05 ushapoteza nusu ya ncha nzima. Tena midomo ya vania ni mipana na ridi ina mteremko, kwa hivyo itakamata pale penye nene ikusomee hapo na wewe unadhani umepima kwengine.
Tafuta dayo ya 0.01 mm na stendi yake, karakana za huku Shimanzi ziko nazo, chini uweke kioo. Kincha cha dayo kinachogusa ridi kiwe cha mviringo na ukiinue kwa kidole kila ukisogeza ridi, usiiburute chini yake manake ncha ya ridi itararuka. Zile zilizotengenezewa ridi kama PerfectaReed ya Ben Armato, huyo alikuwa mpiga klarineti wa okestra ya Metropolitan Opera ya New York, ni dayo vilevile ila ina kitanda cha kutelezeshea ridi ili urudi palepale ulipopima mwanzo. Hicho kitanda ndo unacholipia na wallahi si kitu kidogo, manake ukihama milimita moja kwenye mteremko namba zote zabadilika.

mwl_wa_bendi
Naheshimu vyuma vya fundi lakini hilo swali la pili ndo lenye mtego. Geji inakwambia unene, haikwambii ugumu! Ridi za aina moja zote hukatwa umbo moja, baadae ndo zinapimwa ugumu na kupewa 2½ ama 3, kwa hivyo ile namba kwa boksi si unene hata kidogo. Ukiona unene tofauti ni mkato tofauti, mfano ridi za kampuni ya Vandoren, zile za kawaida ncha ni 0.09 na kisigino, yaani ule mwisho mnene, 2.8 mm, zao za V12 ni 0.10 na 3.15. Ule mwanzi ni mmea, hata ukitoka shamba moja kule Var kusini mwa Ufaransa mmoja una nyuzi zilizobanana na mwengine ni laini, sasa wewe ukinakili vipimo vya ridi yako tamu juu ya mwanzi mwengine utapata umbo lake tu, sauti hupati.
Mimi naanza na mdomo. Piga sol ya wazi, geuza mausipisi (kile kipande cha kupulizia kinachofungwa ridi) kidogo mdomoni upande mmoja wa ridi ubanwe na mwengine uwe huru, halafu geuza kwengine. Ule unaotoka mzito ukiwa huru ndo wa kukwangua. Simpo.

fundi_wa_leithi
Sawa mwalimu, ila mdomo nao unadanganya hasa ukishapiga harusi mpaka usiku. Mdomo useme upande gani, geji iseme ni wapi kwenye huo upande na umetoa kiasi gani, hapo huwezi kupitiliza.

dada_saksi
Na mgongo je, ule upande bapa wa chini wa ridi? Mbona hakuna aliyesema. Kwa joto na unyevu wa Mombasa ridi inapinda, hasa masika, na ikishapinda geji inapima lile pengo la chini pamoja na mwanzi. Iweke juu ya kioo kwanza, ikicheza sugua mgongo kwa msasa 600 taratibu mpaka itulie. Halafu pima ikiwa kavu siku zote, leo mbichi kesho kavu hutaelewa kitu. Mimi napiga mahoteli ya Nyali, ukumbi una eisii, ridi niliyoirekebisha nyumbani ikifika kule yageuka nyengine kabisa, kwa hivyo usifukuzane na 0.01 ya mwisho. Na mpya usiikwangue siku ya kwanza, ipige kidogokidogo siku kadhaa itulie.

mpulizi_kisauni
Shukran sana. Basi vania narudisha kwa wenyewe, dayo nitaazima kwanza. Nikishajua upande, naanzia wapi kukwangua?

mwl_wa_bendi
Pembeni nyuma ya ncha, ushuke kuelekea kisigino. Ncha yenyewe iwe ya mwisho kabisa na pale kati usipaguse. Msasa 400 ama 600, mara mbili tatu halafu weka mdomoni.

fundi_wa_leithi
Na upime tena kabla ya kurudi kukwangua. Dayo njoo uchukue kwangu, ila stendi nayo uirudishe!