UZI WA MALALAMIKO: Pawa saplai za "500W" zisizofika hata wati 200, na mafundi wanaozifunga bila kupima

Wakuu, hili la pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta ya mezani) limezidi, na tukinyamaza tunawapa ruhusa waendelee. Boksi limeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, mteja analipa, fundi anafunga. Haupiti muda mashine inajizima kila ikifunguliwa gemu, na mwisho madabodi (bodi kuu ya kompyuta) inakufa kabisa. Mteja akirudi dukani anaambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Akimfuata fundi anaambiwa umeme wa mtaani ndio umeua. Huu ni wizi wa mchana kweupe, na ushahidi umebandikwa kwenye stika ya kifaa chenyewe.

Isomeni hiyo stika. Ubavuni pana jedwali: +3.3V, +5V, +12V, -12V, +5VSB, na chini ya kila moja idadi ya ampia. Nenda kwenye +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula huko. Zidisha ampia kwa 12. Kwenye hizi takataka mara nyingi utakuta 14A, yaani wati 168. Ndiyo "500W" mliyouziwa! Pawa saplai ya kweli ya wati 450 huwa na kama 36A kwenye +12V, ambazo ni wati 432. Wanaodanganya wanajumlisha kila mstari kana kwamba yote inaweza kutoa mzigo wake wa juu kwa wakati mmoja, na wengine hata hesabu hiyo ya uongo haiwafikishi 500.

Sasa chukua mashine ya kawaida ya vijana wa gemu: prosesa ya i5-4590 ni wati 84, kadi ya grafiki ya RX 580 ni wati 185. Hapo tayari ni 269, bado feni, hadi diski (hard disk) na madabodi yenyewe. Sema 300, yaani ampia 25 kwenye +12V. Unaifungia pawa saplai ya ampia 14, halafu unamwambia mwenye mashine eti "windows ina virusi"?

Ingekuwa inazima tu, hasara ingekuwa ndogo. Pawa saplai yenye ulinzi wa kweli ikizidiwa hujikata, ukapunguza mzigo ukawasha tena. Hizi za bei chee zimenyofolewa karibu kila kitu. Mulika tochi kwenye matundu ya nyuma: mahali pa koili za kuchuja umeme unaoingia pamechomelewa kipande cha waya, na nafasi za kapasita (vile vikopo vinavyotunza chaji na kutuliza umeme) zimebaki tupu. Nyaya zake zimeandikwa 20AWG au hata 22AWG wakati zinazobeba mzigo zinatakiwa 18AWG (namba ikipanda, waya ni mwembamba zaidi). Ikizidiwa, volti 12 inashuka chini ya 11.4 ambayo ndiyo mwisho uliozoeleka kwenye kiwango cha ATX (kiwango cha kawaida cha pawa saplai za kompyuta za mezani), na mawimbi madogo yaliyobaki kwenye umeme wake yanapita milivolti 120. Mawimbi hayo ndiyo yanayochemsha kapasita za madabodi na kuua SSD polepole. Kwa hiyo mtu anayesema "mbona inawaka vizuri tu" hajapima chochote.

Na stika ya "80 PLUS" isiwazuge. Inahusu ni kiasi gani cha umeme kinapotea kuwa joto, haihusu ulinzi wala ubora wa kapasita. Modeli zilizopimwa kweli zimeorodheshwa kwenye tovuti ya mpango wenyewe pamoja na ripoti zake, kwa hiyo tafuta modeli yako humo kabla ya kulipa. Maandishi kama "80% efficiency" hayana maana yoyote, ni mapambo.

Swichi nyekundu ya nyuma nayo inatia hasira zaidi kwa sababu kuigeuza ni kazi ya sekunde moja. Pawa saplai nyingi za bei ya chini, na zile zinazokuja na mashine zilizotumika Marekani, zina swichi ya 115/230. Tanzania tuna volti 230, Kenya 240. Ikiachwa kwenye 115, saketi ya kuingilia inafanya kazi ya kuzidisha volti mara mbili, na zile kapasita mbili kubwa za volti 200 kila moja zinapelekewa zaidi ya 320. Zinapasuka papo hapo, mlio kama baruti, moshi chumba kizima. Fundi anayechomeka kabla ya kuitazama hiyo swichi asiguse mashine ya mtu. Ikiwa haina swichi na imeandikwa 100-240V, hiyo inajirekebisha yenyewe, haina shida.

Halafu haya madesktop ya maofisini yanayoingia kwa makontena kutoka Ulaya. Hapa ndipo mafundi wanaponiudhi kuliko wauzaji. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina konekta kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Lenovo ThinkCentre M83 na M93p zina pini 14. Konekta ya kawaida ya ATX ni pini 24. Bodi hizi zinachukua volti 12 na kujitengenezea volti 5 na 3.3 zenyewe, na umeme wa hadi diski mara nyingi unatoka kwenye bodi, hautoki kwenye pawa saplai. Fundi akiona haziingiliani anakata nyaya na kuunganisha rangi kwa rangi kwa soldaringi, akidhani njano (ya volti 12) ni njano popote. Rangi siyo dhamana! Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell walitumia plagi yenye umbo lilelile la ATX lakini nyaya zikiwa zimepangwa tofauti, na waliochomeka pawa saplai ya kawaida waliunguza bodi.

Adapta za kutoka pini 24 kwenda 8, 6 au 14 zipo. Nunua iliyoandikwa modeli ya mashine yako, siyo idadi ya pini tu. Baadhi ya bodi zinataka volti 12 hata mashine ikiwa imezimwa, wakati waya wa zambarau wa ATX unatoa volti 5. Ndiyo maana adapta ya bodi za namna hiyo ina kisaketi kidogo cha kupandisha volti, na ukiweka isiyo na hicho kitu mashine haitawaka kamwe hata ubadilishe pawa saplai kumi. Pima na umbo pia: ATX ni upana wa mm 150, kimo mm 86 na kina kuanzia mm 140. Kwenye kasha jembamba haiingii hata ukisukuma.

Kazi yenyewe ya kubadilisha ni ya nusu saa kwa mtu makini. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi ili chaji iliyobaki kwenye bodi iishe. Piga picha nyaya zote kabla ya kugusa. Laza kasha, bonyeza kilimi cha konekta ya pini 24 huku ukivuta konekta yenyewe, usivute nyaya. Kisha ile ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, kadi ya grafiki, halafu hadi diski. Nyuma kuna skrubu nne. Shikilia pawa saplai kwa mkono mmoja unapofungua ya mwisho, isije ikaangukia feni ya prosesa. Mpya ikiingia, feni yake ielekee chini kama kasha lina matundu chini, la sivyo ielekee ndani. Na kisanduku cha pawa saplai hakifunguliwi. Kapasita yake inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa imechomolewa.

Sasa sehemu ambayo karibu hakuna anayeifanya: usiunganishe hadi diski kwanza. Washa na bodi, prosesa na ramu moja tu. Weka mita kwenye DC, ncha nyeusi kwenye chuma cha kasha, ncha nyekundu ipenyeze nyuma ya konekta ya pini 24. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Zikiwa sawa, zima, unganisha hadi diski na kadi, washa, endesha kitu kizito robo saa, upime tena njano. Ikishuka chini ya 11.4 irudishe dukani siku hiyohiyo, na usikubali hiyo kauli ya "havirudishwi". Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na wati za uongo ni upotoshaji. Piga picha stika na risiti, peleka FCC (Tume ya Ushindani).

#2

Mkuu umeongea kweli ila usitubebeshe mafundi wote. Wateja wengi wanakuja na pawa saplai mkononi wameshanunua. Ukiwaambia haifai wanakwenda kwa jirani anayefunga bila maswali. Unataka tuwafukuze?

Niongezee moja uliloliacha. Konekta ya prosesa ya pini 8 na ya kadi ya grafiki ya pini 8 siyo kitu kimoja, njano na nyeusi zimekaa kinyume. Ya prosesa, nyaya za njano ziko upande wa kilimi. Ya kadi, nyeusi ndizo ziko upande wa kilimi. Plastiki imechongwa isiingie, lakini zipo adapta za bei chee ambazo uchongaji wake ni hovyo, ukikaza inaingia, na hapo umeweka shoti moja kwa moja. Ikigoma kuingia, toa, usikaze.

Na kabla ya kununua chochote: mashine ikizungusha feni sekunde moja ikazima, angalieni kwanza kama ile plagi ya pini 4 ya prosesa imechomekwa, na kama hakuna skrubu iliyodondoka chini ya bodi. Pawa saplai nzima nyingi zimetupwa kwa makosa hayo mawili.

#3

Huku Nairobi ni hayo hayo. Kuna jingine la kukera: mtu anauziwa pawa saplai na waya wenye plagi ya pini mbili, au fundi anaikata pini ya ethi (inayopeleka umeme uliovuja ardhini) ili iingie kwenye ekstensheni. Kisha mwenye mashine akigusa kasha anahisi umeme anaambiwa "ni kawaida ya kompyuta". Si kawaida. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili zinazounganisha laini na nyutro kwenye chuma. Ethi ikikosekana, chuma cha kasha kinakaa karibu na nusu ya volti za ukutani. Ampia ni ndogo sana, haziui mtu mzima, lakini ukichomeka HDMI kwenye televisheni yenye ethi huku mashine haina, tofauti hiyo inapitia kwenye pini za waya na poti inaungua. Rudisheni ethi, na ekstensheni iwe ya pini tatu zinazofanya kazi kweli.

#4

Swali kwa wajuzi. Nimefunga pawa saplai nzuri, 12V ina 45A, lakini umeme ukikatika UPS (kile kifaa cha betri ya akiba) inalia na mashine inazima palepale. Ya zamani ilikuwa haizimi. Duka wanasema pawa saplai ni mbovu. Na nyaya za kuchomoka za ile ya zamani ninaweza kuzitumia kuongeza hadi diski?

#5 (mwenye uzi)

#2, ndiyo, wafukuzeni. Au waandikie kwenye risiti kwamba umepima +12V ukapata ngapi, asaini. Ukifunga kitu unachojua kitaua bodi, huwezi kusema hukuhusika.

#3 asante, hilo la ethi lilistahili uzi wake.

#4, pawa saplai yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima. Nyingi za sasa zina saketi inayorekebisha namna zinavyovuta umeme wa ukutani, na UPS za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, basi baadhi ya pawa saplai hizo zinalikataa na kuzima. Angalia pia wati za UPS yenyewe: VA 650 mara nyingi ni wati 360 au 390 tu, ukiwa kwenye gemu umeipita. Jaribu mashine ikiwa haina kazi, chomoa UPS ukutani. Ikibaki inawaka, tatizo ni mzigo. Ikizima hata hapo, na betri ya UPS ni nzima, tafuta UPS iliyoandikwa pure sine wave (wimbi laini).

Nyaya za ile ya zamani, USITUMIE. Upande wa hadi diski plagi ni za kiwango kimoja, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake, na wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Zinaingia vizuri kabisa, halafu volti 12 inakwenda kwenye njia ya volti 5 na data yote imeondoka. Tumia zilizokuja kwenye boksi. Zikipungua, agiza za modeli hiyohiyo, na kabla ya kuchomeka hadi diski pima kwa mita. Kwenye plagi ya SATA (ile ya umeme wa hadi diski) pini ziko kumi na tano katika makundi ya tatu tatu: 3.3V, nyeusi, 5V, nyeusi, 12V. Na zile adapta za kutoka Moleksi (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambazo plastiki yake imemiminwa pamoja na nyaya, acha kabisa. Pini zake husogea ndani ya plastiki zikagusana na kuwaka moto. Chukua zile ambazo waya umebanwa na kifuniko unachoweza kukifungua ukaona.