Kikundi: Ukoo wa Wete

Shangazi Asya: Asalaam alaykum. Bibi kaungua mguu leo akitia udhu wa adhuhuri. Mfereji wa uani unatoa maji ya kukorogea chai!

Ami Salim (Muscat): Waalaykum salaam. Mpeni pole. Si paipu ile nyeusi iliyolala juani? Na kaskazi hii!

Shangazi Asya: Ndiyo hiyo. Tangi liko chini ya mwembe, maji yake baridi. Nikafungulia mpaka yapoe, Bibi kanigombeza namwaga maji ovyo.

Rashidi: Shangazi, yanayochoma ni yale yaliyokaa ndani ya paipu tu. Tukijua ujazo wake tunajua ukinge madumu mangapi. Urefu gani?

Shangazi Asya: Roli la mita 100, zilibaki 20. Kwa hiyo 80.

Rashidi: Imeandikwa 32. Nusu kipenyo sentimita 1.6. 1.6 × 1.6 × 3.14 = 8.04. Mara sentimita 8,000, gawa kwa 1,000: lita 64. Madumu matatu na kitu.

Ami Salim (Muscat): Mashaallah. Madumu matatu kwa udhu mmoja 😂

Fundi Faki: Rashidi, umepima na ganda. 32 ni ya nje. Unene milimita 3 huku, 3 kule. Maji yamo kwenye 26.

Rashidi: Aaah. 1.3 × 1.3 × 3.14 = 5.31. Lita 42 na nusu basi.

Fundi Faki: Hapo sawa. Sisi mafundi hatuna haja ya pai: paipu ya inchi moja, kila mita nusu lita. Mita 80, lita 40. Tumemaliza.

Ami Salim (Muscat): Mngetia ya nusu inchi, ingekuwa dumu moja.

Fundi Faki: Nusu dumu, Bwana Salim! Kipenyo kikiwa nusu, ujazo unabaki robo, lita 10 hivi. Lakini maji yangechuruzika, dumu lijae Bibi keshalala.

*Kesho yake*

Shangazi Asya: Nimejaribu saa saba. Dumu la kwanza moto. La pili moto. La tatu limefika nusu ndiyo yakapoa. Hiyo ni 50, Rashidi, si 42.

Rashidi: 😳 Nimepiga mara tatu!

Fundi Faki: Hesabu haina kosa. Ya baridi yakiingia yanakuta paipu yenyewe bado ina moto, na yanachanganyika na yaliyotangulia. Ongeza kidogo siku zote.

Ami Salim (Muscat): Huku kiangazi tangi liko juu ya paa, mfereji wa baridi ndio unaounguza. Tunazima hita ya bafuni, maji yake tunaogea baridi.

Shangazi Asya: Makubwa! Haya, Bibi anasema ya moto asimwage mtu, ni ya kufulia. Na Rashidi aje Jumamosi na jembe, paipu ifukiwe.

Rashidi: Yote??

Fundi Faki: Yote. Kina sentimita 30, upana 20.

Rashidi: 80 × 0.3 × 0.2 = 4.8. Mita za ujazo 4.8 za udongo, Shangazi! Lita 4,800!

Shangazi Asya: Nimemsomea Bibi. Anasema uje na nduguyo.