Daftari la "Mama + watoto 2": boti za visiwani zinatubeba kama magunia, halafu tunahimizwa kutalii nyumbani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kumung'unya maneno. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la utalii ukaozee huko. Hapa naongelea roho za watu.

Kila likizo ikikaribia tunaimbiwa utalii wa ndani. Tembelea nchi yako, ijue nchi yako, fukwe tunazo, visiwa tunavyo, wageni wanatoka mbali kuja kuviona na wewe umekaa Tabata unaangalia mpira. Haya, mimi nimeitikia. Mwezi wa sita shule zilipofunga nikapakia mke, watoto wawili na mama mkwe kwenye gari, tukaishika barabara ya Kilwa. Safari ya kisiwa cha Mafia, kwa sababu mama mkwe kwao ni huko na watoto wanakisikia kisiwa kidogo cha Chole kwenye hadithi tu.

Barabarani sina la kulalamika, na ndiyo maana nakasirika zaidi. Kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Bungu kuna mtu anajua uko wapi. Kila kijiji kibao cha 50, na nyuma ya mkorosho yupo trafiki na tochi yake. Ukizidisha ni elfu thelathini. Basi la Lindi lililokuwa mbele yetu limefungwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kinachopiga kelele dereva akipitisha spidi, mpaka abiria wanajua kwamba dereva kachemka. Tiketi ina jina na namba ya simu. Watu wanawatukana sana trafiki wa barabara ile. Mimi siku hiyo nilitamani wangekuwepo na baharini.

Tukachepuka Bungu, tukafika Nyamisati mapema. Kwa asiyepajua: ni bandari ndogo ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, ndiyo mlango wa mwananchi wa kawaida anayekwenda Mafia. Kivuko cha serikali kina siku zake na hazikuangukia siku yetu, kwa hiyo tukabaki na boti za mbao za watu binafsi. Jina la boti silitaji, na nitaeleza chini kwa nini.

Tuliambiwa kuondoka ni saa mbili asubuhi. Tuliondoka alasiri. Sababu tuliyopewa: "tunasubiri maji". Sasa mimi siyo mvuvi, lakini kupwa na kujaa hakukuanza jana. Jedwali la maji la mwaka mzima linachapishwa kabla mwaka haujaanza, na wazee wa pwani wanahesabu bamvua, yaani siku za maji makubwa, kwa mwezi tu, bila karatasi. Kama maji yanajaa mchana, niambie njoo mchana. Ukweli ni kwamba maji yalijaa, tukayaona kwa macho, na boti haikuondoka kwa sababu mzigo ulikuwa bado unakuja. Saruji, makreti ya soda, magodoro, pikipiki mbili zimelazwa ubavu, kuku kwenye matenga, unga, vitunguu. Kila pikapu moja ikishusha, nahodha anasema "bado kidogo". Ubavuni mwa boti palikuwa na mstari mwekundu wa rangi, ule wa kuonyesha mwisho wa kupakia. Tulipofika ulikuwa juu ya maji kiasi cha shubiri. Tunaondoka, mstari hauonekani.

Nauli nayo ilipanda kuanzia asubuhi mpaka mchana, tiketi hakuna. Hilo nalipita, siyo lililonileta hapa.

Lililonileta ni daftari.

Kabla ya kupanda alikuja kijana na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na peni iliyofungwa kwa uzi. Nikasema afadhali, wanaandika majina. Nikasogea nikachungulia. Nilivyoyaona nayaandika hapa kama yalivyo: "Mzee kofia." "Mwl." "Kaka saruji, watu 3." "Mama Asha." Na mke wangu, aliyesimama mbele yake na kitambulisho mkononi, aliandikwa "Mama + watoto 2". Mimi sikuandikwa. Nilipouliza, akaniambia, "Wewe si uko na huyu mama?"

Hiyo ndiyo orodha ya abiria. Na lilipofungwa lile daftari, kijana akalichomeka kwenye mfuko wa plastiki, akaruka nalo ndani ya boti. Halikubaki nchi kavu hata karatasi moja. Yaani boti ikizama, orodha ya waliozama inazama nao. Alikuwepo pia jamaa mwenye kizibao cha kung'aa, sijui wa idara gani na sitaki kukisia. Alisimama pale muda wote, akaongea na nahodha, wakacheka, akaondoka kwenda kula.

Maboya sasa. Mke wangu akamwambia kijana wa boti kwa upole kabisa, "Samahani kaka, naomba maboya ya watoto." Akajibiwa, "Dada, bahari shwari leo, usituletee uchuro." Watu wakacheka. Hapo ndipo mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya na kanga yake kichwani, akafungua mdomo. "Mwanangu, mimi nimezaliwa Jibondo. Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi. Hiyo shwari unayoisema wewe mimi siijui, kusi linavuma. Lete maboya." Kijana akashika adabu palepale: "Shikamoo bibi. Naleta bibi."

Alileta, ndiyo. Kwanza ilibidi ahamishe magunia ya vitunguu. Chini yake maboya yalikuwa yamefungwa fungu moja kwa kamba ya katani, na fundo limekaza kwa chumvi mpaka likakatwa kwa kisu. Rangi ya chungwa imepauka ikawa kama nyama ya papai bovu. La kwanza mkanda umekatika. La pili buckle hakuna, nikalifunga kwa kipande cha ile kamba ya katani. La mtoto halikuwepo hata moja. La mkubwa lilimfika binti yangu magotini, na ukiinua mikono yake linatoka lote juu. Na haya yalipatikana kwa sababu bibi mmoja alisema. Abiria wengine wote wamevuka mkondo wa Mafia vifua wazi huku vifaa vya kuwaokoa vikiwa chini ya vitunguu.

Bahari yenyewe ilikuwa vile kusi linavyokuwa. Tulipotoka kwenye mikoko tukakwaruza fungu la mchanga, tukatulia hapo kidogo, boti ikanyanyuka na maji ikaendelea. Huko nje mawimbi ya ubavuni, watu wanatapika, kijana mwingine anachota maji chini kwa dumu lililokatwa na hapumziki. Tulifika Kilindoni, bandari ya Mafia, usiku. Tumefika, Alhamdulillah, na najua atatokea mtu wa kuniambia "si mmefika?"

Huyo wa "si mmefika" namuomba akae nami hapa kidogo.

MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, kina mama wa ndizi na wanafunzi, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi, mmoja anakwambia mia tano, mwingine karibu elfu moja. Spice Islander, iliyozama usiku wa Septemba 2011 kule Nungwi, Zanzibar, ikielekea Pemba: imejaza watu kupita kiasi, zilihesabiwa maiti mia mbili na kitu, halafu ikaja kuonekana waliopotea ni wengi mno kuliko hesabu hiyo, na familia zinabishana na hesabu hadi leo. MV Nyerere, kivuko kilichopinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, mita chache tu kufika gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na tulipouliza walikuwemo wangapi jumla, tukaambiwa mkata tiketi naye amekufa na mashine ya tiketi imepotelea majini.

Rudieni sentensi hiyo. Mashine ya tiketi imepotelea majini. Miaka imepita, tume zimeundwa, SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini, imevunjwa, TASAC ya majini ipo, LATRA ipo, na mimi mwaka huu nimesimama gatini nikaangalia daftari likiruka ndani ya boti pamoja na sisi.

Sheria zipo, najua, msinibandikie vifungu. Ukipanda boti za kasi za Unguja unaandikwa jina kamili, kitambulisho kinaangaliwa, na orodha inabaki. Kwa hiyo kinachoshindikana siyo teknolojia. Ukitaka kujua kwa nini upande huu hakifanyiki, angalia nani anapita wapi. Mgeni wa kutoka Ulaya anayekuja kuogelea na papa potwe, yule papa mkubwa asiyedhuru watu, hapandi boti hii. Anaruka na ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa na ushee yuko Kilindoni, gari la hoteli linampeleka Utende kwenye hoteli za wageni, kaandikwa jina mpaka na chakula kinachomdhuru. Hii bahari ya katikati hajawahi kuiona. Mwenye kuiona ni mwalimu aliyepangiwa shule Mafia, mama anayepeleka mgonjwa Muhimbili, mfanyabiashara wa dagaa, na sasa sisi tulioitikia wito wa utalii wa ndani. Daraja la tatu lile lile.

Ninachodai hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Majina kamili na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani, watoto nao waandikwe majina yao, wasiwe "+ 2". Ukurasa upigwe picha kwa simu kabla kamba haijafunguliwa, utumwe kwa mtu aliye nchi kavu. Bando la mia tano linatosha. Maboya yagawiwe watu wakiwa bado gatini, na yawepo ya watoto. Na mstari ule mwekundu ukishazama, boti isitoke, hata kama mwenye saruji ni mjomba wake nahodha. Yule wa kizibao akikuta halijafanyika, asiende kula.

Nimeshaulizwa PM kwa nini sitaji boti. Kwa sababu nikiitaja, kesho itafungiwa wiki moja, picha zitapigwa, na boti ya pembeni yake yenye daftari lile lile itachukua abiria wake. Na watu wa Mafia hawana usafiri mwingine wa bei yao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga na barabara ya Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, mliona wenyewe jinsi watu wa kusini wanavyoweza kufungiwa nje ya nchi yao. Sitaki wafungiwe tena kwa ajili ya uzi wangu. Nataka waandikwe majina.

NYONGEZA: Naona majibu. Mkuu mmoja anasema kama naogopa bahari nipande ndege. Ndege ya watu watano kwenda na kurudi ni ada ya shule, mkuu, na bado haijibu swali la waliobaki gatini. Mwingine anasema boti za mbao wazee wetu wamevuka nazo karne na karne. Ni kweli, na mama mkwe wangu kasoma maneno yako, anakusalimu. Anasema kwao jahazi likitoka Jibondo, kijiji kizima kilijua nani yumo.

Wa Ukerewe aliyeandika kwamba huko sasa majina yanachukuliwa vizuri, asante, naomba ueleze kwa kirefu: nani anaandika, nakala inabaki kwa nani, na boti za mzigo nazo je? Wa Songosongo na Kilwa Masoko nao waje waseme hali yao.

Na wewe uliyejitambulisha kuwa uliwahi kufanya kazi kwenye bandari ndogo za ukanda ule, usinijibu PM. Jibu hapa hapa watu wasome: daftari lile, boti ikishafika salama, huwa linapelekwa wapi?