Blauzi ya mtindo wa 1905: mbele ndefu kuliko nyuma, pateni imekosewa?

Fundi wa Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, nashonea Mwanga. Nimepewa nguo za igizo la reli kufika hapa mwaka 1914. Kaniki na vilemba havinisumbui. Kinachonitoa jasho ni blauzi ya mama wa Kizungu anayeshuka kwenye treni: kola ya kusimama inchi 2, vifungo mgongoni. Pateni, yaani mchoro wa kukatia, nimechapisha na kuunganisha kwa gundi. Ubavuni vipande vinalingana, ila mbele katikati kumeshuka inchi 2 na nusu zaidi ya nyuma. Nikajua mchoraji kakosea, nikakata ile ziada. Sasa binti akinyanyua mkono, blauzi yote inachomoka kwenye sketi! Afadhali nilijaribia kitambaa cha marekani, poplini bado nzima.

Cherehani Tabora: Pole dada, lakini hapo umekata mtindo wenyewe. Enzi hizo kifua cha blauzi kilitakiwa kimwagike juu ya mkanda, kama cha njiwa. Urefu ule unavutwa kwa uzi, unashonewa utepe kiunoni kwa ndani, ukifunga kitambaa kinalalia juu. Lastiki usiweke kabisa, itatawanya mikunjo mpaka ubavuni. Inatakiwa ijazane mbele katikati. Chini ya kiuno acha kama inchi 5 za kuchomekea. Na kwapa je, ulilichimba likashuka chini?

Fundi wa Mwanga: Nusu inchi. Lilikuwa linambana.

Cherehani Tabora: Ndiyo maana inachomoka. Kwapa la zamani linakaa juu, karibu na mwili, ili mkono upande peke yake. Ukilichimba, mkono unapanda na blauzi nzima. Sisi mafundi mkasi unatuwasha.

Mwana Ujiji: Marekani tena! Kitambaa kilichobebwa na misafara mpaka huku Ujiji, leo kinajaribia nguo ya Mzungu. Haya, dada, ule mraba wa sentimita 10 wa kuhakiki vipimo kwenye karatasi ya kwanza uliupima? Mashine za steshenari hupunguza mchoro uingie kwenye A4. Mimi kola ilinikabia mteja hivyohivyo.

Fundi wa Mwanga: Nimeupima sasa hivi. 9.5! Kumbe kifua cha inchi 36 kimekuwa 34 na kidogo, na mimi namlaumu mchoraji. Karatasi 28, gundi ya chupa nzima. Kesho asubuhi nawahi steshenari kabla foleni ya wanafunzi haijajaa, na safari hii nasimama palepale kwenye mashine na rula mkononi.