Baba amepata kiharusi, natamani tukutane na wenzetu lakini yeye hataki kuonekana. Naombeni ushauri

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Baba yangu alipatwa na kiharusi miezi saba iliyopita. Mshipa uliziba upande wa kushoto wa ubongo, kikamchukua mkono na mguu wa kulia, na maneno pia. Tukiongea anatuelewa, ila akitaka kujibu linatoka neno moja tu: "kesho". Ukimuuliza kama ana kiu, kesho. Ukimuuliza panapouma, kesho. Akijisikia alichosema anafumba macho.

Mimi ndiye ninayemuuguza, usiku na mchana. Pale tunapompeleka mazoezi ya viungo nimezoeana na watu watatu wenye wagonjwa kama wangu. Tukisubiri zamu tunaongea, na zile dakika ishirini za kwenye benchi ndizo zinazonibeba wiki nzima. Mmoja wao akatoa wazo tuwe tunakutana kila mwezi, sisi na wagonjwa wetu. Nilipomweleza baba, akageukia ukutani. Huyu ni mtu aliyezoea kusimama mbele za watu akazungumza. Leo hataki hata jirani auone mdomo ulivyopinda.

Nimlazimishe? Nianze bila yeye? Na kikundi chenyewe kinaanzwaje? Naogopa ataona nimemchoka. Na kweli nimechoka.

Mzee wa Fimbo
Marahaba mwanangu. Mimi ni mgonjwa, mwaka wa nne sasa, naandika kwa mkono wa kushoto.

Usimlazimishe. Mimi nilikataa watu kwa miezi mingi, na kilichonitoa ndani hakikuwa kikundi, alikuwa mtu mmoja. Mke wangu alimleta mzee aliyepata kiharusi kabla yangu. Hakunipa pole wala nasaha. Alikaa mbele yangu, akavua shati, akalivaa tena nikimwangalia: mkono mgonjwa unaingia kwanza, mzima unafuata, halafu vifungo kwa mkono mmoja kuanzia chini kwenda juu. Wakati wa kuvua, mkono mzima ndio unaotangulia. Akaniachia zamu. Nilihangaika na kifungo kimoja mpaka jasho likanitoka, naye akatulia tu, hakunisaidia. Siku ile ndipo nilipojua kwamba bado mimi ni mtu. Mtafutie baba yako mtu wa namna hiyo, mmoja tu, aje nyumbani.

Mama wa Subira
Mdogo wangu, pole. Mume wangu ana miaka miwili na hali hiyo, na kikundi chetu kipo hai, kwa hiyo nakwambia tulipokosea. Mwanzoni tulikaa wote chumba kimoja saa mbili nzima. Wagonjwa walichoka, maana uchovu wa kiharusi si wa kawaida, unamwangusha mtu ghafla. Na sisi wauguzaji tulidanganyana. Nani atasema mbele ya mumewe kwamba analia bafuni? Sasa tunakaa pamoja nusu saa, kisha wauguzaji tunahamia pembeni na mtu mmoja anabaki na wagonjwa. Huko pembeni ndiko ukweli unakosemwa. Hata kwa hilo peke yake, anza na wale wa benchi, usisubiri baba akubali.

Kuhusu "kesho" yake: neno moja kujirudia ni dalili inayojulikana, akili haijapotea. Mpe maswali ya ndiyo au hapana, akujibu kwa kidole gumba. Weka picha na kalamu karibu. Mwache atafute neno, usimmalizie. Na mjaribu kuimba wimbo anaoujua tangu zamani. Kwetu yupo asiyeweza kutaja jina lake, lakini tukianza kuimba maneno yanamtoka mazima.

Fundi Viungo
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo. Kikundi ni kizuri, ila dawa zisizungumzwe kama mapishi. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka. Dawa ya kuzuia damu kuganda inayomlinda mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Na asiyeumwa leo asiache dawa ya presha kwa sababu mwenzake ameacha.

Mnaposaidiana kuinuka, msivute mkono uliopooza, bega huchomoka. Anayepaliwa akinywa maji akae wima, na mtaalamu amwangalie jinsi anavyomeza.

Huko kugeukia ukutani mwambie daktari. Karibu mtu mmoja kati ya watatu huingia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi, na inatibika. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka, lakini miezi saba si mwisho, nimeona maneno yakirudi mwaka wa pili.

Msema Kweli
Chetu kilikufa. Alikaribishwa mtu na chupa zake, akaahidi kuponya waliopooza, wawili wakaacha dawa za hospitali. Wekeni sharti siku ya kwanza: hakuna kuuza chochote. La pili, msilinganishe wagonjwa. "Wangu alitembea mwezi wa tatu" ni sentensi iliyomfanya dada yangu asirudi tena.

Mwenye uzi
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Narudi baada ya wiki mbili.

Sisi wanne wa benchi tumekutana mara moja, wauguzaji peke yetu. Nililia, hakuna aliyeninyamazisha. Sharti la kutouza na la kutolinganisha tumeyapitisha. Daktari nimemweleza habari ya ukutani, ameanza kumfuatilia.

Mmoja wetu ana mjomba aliyepata kiharusi zamani, akaja nyumbani na mkongojo wake. Baba hakumtazama. Yule mzee akaketi, akaanza kufungua vifungo vyake, pole pole, hakusema kitu. Alipofika kifungo cha tatu baba alikuwa ameshageuka. Alipoinuka kuondoka akamuuliza baba, "Nije tena?"

Baba akajibu, "Kesho." Hakufumba macho.

Sijui kama alimaanisha. Nimemwomba mzee aje.