Digrii ni baiolojia tumizi, nijisajili kilimo au baiolojia?

McheMchanga
Wakuu habari za saa hizi. Niko mwaka wa mwisho, digrii inaitwa baiolojia tumizi ila nusu nzima ya kozi ni kilimo tu, udongo, wadudu, magonjwa ya mimea, mifugo kidogo. Naambiwa bila kusajiliwa na bodi ya taaluma kuna ripoti huruhusiwi kusaini. Sasa niende bodi ya wanakilimo au ya wanabaiolojia? Nimesoma masharti yao mpaka macho yanauma.

ButiLaTope
Dogo angalia kazi unayoitaka, jina la digrii achana nalo. Kama ni kushauri wakulima, mbolea, umwagiliaji, hiyo kilimo. Kama ni mito, samaki, wanyamapori, nenda baiolojia. Mfano British Columbia kule Canada hizo ni taasisi mbili tofauti japo tangu Februari 2021 zote ziko chini ya sheria moja, na mtu mwenye digrii kama yako anaweza kuangukia upande wowote, kozi zake ndo zinaamua.

AnovaUsiku
Nakazia hapo kwenye kozi. Transkripti yangu ilikuwa na kitu kinaitwa Mbinu za Utafiti II, ndani ni takwimu tupu, anova, rigresheni, tumekesha nazo. Mkaguzi wa bodi kaona jina tu kaandika "takwimu: hakuna". Nikaambiwa nilete silabasi ya mwaka uleule niliosoma, mwalimu kashastaafu, idara imehama jengo, miezi minne natafuta karatasi za kurasa tatu!! Nikaja kuzipata kwa jamaa niliyesoma naye, yule huwa hatupi kitu. Pakua silabasi zako leo kabla chuo hakijafunga akaunti yako.

McheMchanga
Duh, mbili zishaondolewa tayari. Na ile kazi ya likizo kwenye kitalu itahesabika kama uzoefu?

ButiLaTope
Inategemea ulifanya nini na nani alikusimamia. Kumwagilia tu, sahau. Ila kama ulihesabu wadudu kwenye mitego ukaandika ripoti, itunze hiyo ripoti. Halafu usisubiri uzoefu ujae ndo uombe, bodi nyingi zina daraja la mwanagenzi, unaingia ukiwa mbichi, unapewa mlezi aliyesajiliwa, baadaye unapanda.

ShambaDarasa
Na msichanganye usajili wa kisheria na vyeti vya hiari. CCA ya Marekani (Certified Crop Adviser, yaani mshauri wa mazao) kwa mfano ni cheti, kina mtihani na kila miaka 2 unatakiwa saa 40 za mafunzo ya kujiendeleza. Ni kizuri, mimi nakiheshimu, ila pale ambapo cheo kinalindwa na sheria hakikupi ruhusa ya kujiita hicho cheo.

McheMchanga
Asanteni. Nimemtext mwalimu wa entomolojia, anasema silabasi anayo ila ya mwaka juzi.

AnovaUsiku
Mwaka juzi ndo ulisoma hiyo kozi?

McheMchanga
Hapana, mwaka jana.

AnovaUsiku
Basi endelea kumsumbua.