Tunaishi wanne nyumba moja Dodoma: gharama tugawane sawa, kwa matumizi au kwa kipato?

Mkazi_Ipagala
Wakuu habarini. Tumepanga nyumba nzima huku Ipagala tupo wanne, kodi haina shida, shida ni luku, gesi na jikoni. Mmoja karibu kila Ijumaa anapanda SGR kwenda Dar anarudi Jumapili usiku, mwingine intern pale Mtumba kwenye mji wa serikali, mwingine anapika mchana na usiku, mimi nakula kazini. Sasa hivi tunaenda kwa zamu ambayo sio zamu, luku ikikata aliyepo ndo ananunua, na aliyepo mara nyingi ni huyo intern, yaani mwenye kipato kidogo kuliko wote ndo anatuwashia taa, hajawahi kulalamika ila mimi roho inaniuma. Tugawane sawa, kila mtu kwa matumizi yake, au kwa kipato? Ipi inadumu?

mlenda_moto
Mbukwenyi mkuu. Hiyo zamu achaneni nayo leo leo, haina kumbukumbu. Gawaneni sawa, kila mtu atume hela mshahara ukiingia, mmoja ashike, akinunua kitu anatupia meseji ya muamala kwenye grupu la WhatsApp. Sisi Area D ndo tunaishi hivyo na hakuna anayemuuliza mwenzie.

Fundi_Nkuhungu
Sawa kwa sawa ni rahisi ila kwenye umeme angalieni kwanza nani anatumia nini. Kama mpo tarifu ya shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (wadhibiti wa nishati) 1% uniti inafika kama 356, ndo maana elfu kumi inakupa kama uniti 28. Sasa hita ya maji ya wati 1500 dakika 20 ni nusu uniti, na feni ya wati 60 ikilala inazunguka masaa nane nayo ni karibu nusu uniti. Watu wanagombana na mwenye hita baridi ya Juni kumbe mwenye feni Oktoba anakula vilevile. Friji, taa na tv gawaneni sawa. Ila akiwepo mwenye jiko la umeme chumbani, huyo mfungieni mita ndogo ya kuhesabu tu, zaidi ya hapo mnajisumbua.

Binti_Makole
Mbona intern mnamruka jamani? Posho ya intern na mshahara wa mtu wa wizarani haviwezi kuchangia sawa mkasema ni haki. Najua kwa kipato watu hawataki kutaja mishahara, na mwenye kutoa zaidi baada ya muda anaanza kujiona mwenye nyumba, hilo nimeliona. Kwa hiyo msiguse mishahara, gusa vyumba. Mwenye masta, chumba chenye choo ndani, alipe kodi kubwa, intern achukue chumba kidogo alipe kidogo, halafu luku mchange sawa. Anapata nafuu bila kuonekana anasaidiwa.

Mkazi_Ipagala
Dada hiyo ya vyumba sikuifikiria kabisa, na masta ninayo mimi. Na jikoni je? Mwenzetu wa Dar anasema hawezi kulipia ugali wa wikiendi ambao hajala, naona ana hoja.

mlenda_moto
Ana hoja kwenye chakula, hana kwenye friji maana inawaka hata akiwa Dar. Vya kukaa kama unga, mchele, mafuta changeni kwa siku ambazo mtu anakula nyumbani, mboga kila mtu ajitegemee. Mkiweza chukueni gunia la mahindi soko la Kibaigwa kwa pamoja mkasage, mtaona tofauti na kununua kilo kilo dukani. Wewe unayekula kazini kaa nje ya hesabu ya unga, gesi changia kidogo ya chai.

Fundi_Nkuhungu
Kingine, ile 1,500 inayokatwa kwenye luku kila mwezi ni kodi ya jengo, kisheria ni ya mwenye nyumba sio yenu. Tunzeni risiti mkubaliane naye aipunguze kwenye kodi, kwa mwaka ni 18,000. Kama ni nyie wapangaji tu mmekuwa mnanunua luku basi sehemu kubwa ya hiyo hela ameibeba huyo intern, mrudishieni yeye kwanza.

Mkazi_Ipagala
Asanteni sana. Jumatatu usiku wote tupo, nawasomea uzi huu wote. Masta nalipia zaidi, hilo halisubiri kikao, na risiti za luku nimeshamuomba intern anitumie zote alizonazo.